Vikombe vya kioo kando ya reli zilizoachwa: kuvitafuta, kuvitoa na kuvisafisha

Vikombe vingi vya kioo, vile vihami vilivyoshikilia nyaya juu ya nguzo, vilivyobaki kwenye njia za reli zilizokufa huko Marekani na Kanada haviko tena juu ya nguzo. Viko chini, ndani ya majani, hatua mbili tatu kutoka pale nguzo iliposimama. Fundi wa laini alipopanda kubadilisha kikombe chenye ufa, kile cha zamani alikiachia kianguke hapohapo, maana hakuna aliyekuwa na haja ya kukirudisha stoo. Baadaye laini zilipofungwa, waliokuja kuvuna waya walitaka shaba tu. Mikono ya mbao, ile mihimili iliyokingama juu ya nguzo, ilishuka na vikombe vyake, ikaachwa ioze. Kwa hiyo anayetembea macho yakiwa juu hurudi mikono mitupu, na anayesoma ardhi hurudi na mkoba mzito.

Tunazungumzia hapa kikombe cha pini: kipande cha kioo kizito chenye tundu kwa chini, ndani ya tundu kuna hesi (mizunguko kama ya skrubu), kikazungushwa juu ya pini ya mbao au ya chuma iliyosimama kwenye mkono wa nguzo. Waya wa telegrafu, simu au ishara za treni ulilazwa kwenye mfereji wa ubavuni na kufungwa kwa kipande kingine cha waya. Kikombe cha kawaida kina urefu wa karibu sentimita 10 na uzito wa nusu kilo hivi. Kumi tu vinatosha kukuumiza mabega ukiwa umetembea kilomita nane.

Ardhi ni ya nani

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu reli "iliyoachwa" inaweza kuwa katika hali tatu tofauti kabisa.

Ya kwanza ni reli ambayo haitumiki tu. Chuma kimeshika kutu, vichaka vimeota katikati ya mataruma, lakini kampuni bado ni mwenye njia na inaweza kupitisha gari la ukaguzi siku yoyote. Gari hilo hutembea juu ya reli kwa magurudumu madogo ya chuma na halina kelele ya treni. Kuingia humo bila ruhusa ni kosa. Ya pili ni njia iliyofungwa rasmi. Nchini Marekani idhini ya kufunga hutolewa na bodi ya serikali kuu, Surface Transportation Board, na kabla ya 1996 ilitolewa na Interstate Commerce Commission. Baada ya kufungwa, ardhi huenda ikawa imeuzwa, au imerudi kwa wenye mashamba ya pande zote mbili pale ambapo kampuni ilikuwa na haki ya kupita tu. Ya tatu ni njia iliyogeuzwa kuwa ya watembeao kwa miguu na baiskeli chini ya utaratibu wa mwaka 1983, ambapo hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi yake, inabaki nzima kwa matumizi ya baadaye na mamlaka ya njia hiyo ndiyo inayopanga nini kiguswe na nini kisiguswe.

Kung'olewa kwa mataruma hakukupi ruhusa yoyote. Fungua ramani ya viwanja ya kaunti, ambayo mara nyingi iko mtandaoni bure, tafuta jina la mwenye kiwanja, kisha omba ruhusa kwa maandishi. Eleza siku utakayokwenda, utaingilia wapi, kwamba unachukua vikombe vilivyo ardhini tu, na kwamba utafukia kila shimo. Wenye mashamba wengi hukubali wakiona hujaja kukata waya wala kuacha geti wazi. Baadhi yao watakuonyesha rundo zima nyuma ya ghala.

Ardhi ya serikali kuu iache. Archaeological Resources Protection Act ya 1979 inalinda vitu vya kale vyenye umri wa miaka 100 au zaidi katika ardhi ya umma, na kikombe cha miaka ya 1890 kimeshapita umri huo zamani. Katika hifadhi za taifa hairuhusiwi kuokota chochote, kiwe kipya au cha zamani.

Na vilivyo bado juu ya nguzo iliyosimama? Hivyo ni mali ya mwenye nguzo, na hata akikupa, usipande. Nguzo huanza kuoza pale udongo unapokutana na hewa, mara nyingi kwa ndani, na ngozi ya nje yenye kreosoti (dawa ya kuzuia mbao isioze) inabaki ngumu na kukudanganya. Kingine ni kwamba nyaya zenyewe mara nyingi ndizo zinazoishikilia nguzo isilale. Ukikata waya mmoja uliokazwa, nguzo inaweza kwenda upande wa pili, na ncha ya waya hurudi kwa nguvu ya kupasua uso. Usidhani pia kwamba laini imekufa kwa sababu treni hazipiti. Nguzo zilezile zilibeba umeme wa ishara, wa volti 440 au 550 katika laini nyingi, na zipo sehemu ambako kampuni ya umeme au simu ilizirithi. Waya ulioanguka chini hauguswi mpaka mwenye laini aseme umekatwa chanzo.

Kuchagua kipande cha njia

Usianze kwa kutembea. Anza na ramani za zamani za United States Geological Survey, idara ya Marekani inayochora ramani, ambazo zimeskaniwa na kuwekwa wazi kwa umma, ulinganishe na picha za angani za sasa. Njia iliyong'olewa huonekana kama mstari ulionyooka wa miti michanga, au ukingo wa mashamba usiofuata mipaka mingine. Kuna pia ramani za tathmini zilizochorwa kampuni za reli zilipolazimishwa na sheria ya 1913 kuorodhesha mali zao. Zinaonyesha stesheni, nyumba za wafanyakazi wa njia, matangi ya maji na mipaka ya hifadhi, na nakala nyingi ziko National Archives, hazina ya nyaraka za taifa ya Marekani.

Ukishaujua mstari, chagua kipande kwa kufikiri kama fundi wa laini.

Penye mkunjo, waya huvuta vikombe kuelekea ndani ya mkunjo mchana na usiku. Vilivunjika zaidi, vikabadilishwa zaidi, kwa hiyo vilivyotupwa ni vingi. Vingi ni vipande, ni kweli, lakini katikati yake huwa na vizima vilivyoondolewa wakati mkono mzima ulipobadilishwa. Penye tuta refu, kikombe kilichoanguka hakikubaki kilipoangukia. Kilibiringika hadi mguuni mwa tuta, kwenye mfereji, kwenye uzio, au kwenye mdomo wa kalavati. Penye kinamasi kilitua kwenye tope laini bila kupasuka na kuzama. Hapo utahitaji fimbo ya kuchokolea, ila hali ya kioo huwa nzuri kuliko popote.

Karibu na makutano na barabara, usipoteze muda. Kwa miaka mingi vikombe vilikuwa shabaha ya kila mwenye bunduki au manati. Mita 200 au 300 za kwanza kutoka barabarani utakuta vigae tu. Ukiona vigae vimepungua na vipande vimekuwa vikubwa, umefika mahali pa kuanza kutafuta kwa makini.

Mahali penye thamani kubwa kuliko pote, na panapopuuzwa, ni jalala la nyumba ya wafanyakazi wa njia. Vikosi vilivyotunza njia viliishi kandokando ya reli, na takataka zao zilitupwa nyuma ya nyumba, mara nyingi kwenye kibonde au ukingo wa kijito. Msingi wa mawe, miti ya matunda iliyobaki msituni peke yake, au kisima kilichofunikwa ni dalili. Humo ndimo vinamotoka vikombe vya kizazi cha kwanza, vilivyoondolewa kabla hata babu za waliovuna waya hawajazaliwa.

Wakati mzuri ni baada ya majani kupukutika na kabla ya theluji, halafu tena mara theluji inapoyeyuka, wakati nyasi za mwaka jana zimelala chini. Kiangazi majani hufika kiunoni, kupe ni wengi, na katika majimbo ya magharibi nyoka wenye kayamba mkiani hupenda mawe ya tuta. Mahali palipoungua moto panavutia kwa sababu kila kitu kiko wazi, lakini kioo kilichopitiwa na moto huwa na nyufa nyembamba kama nywele. Kikague dhidi ya jua kabla hujakibeba.

Vifaa

Fimbo ya kuchokolea ndiyo kifaa chako kikuu: nondo laini ya unene wa milimita 6 hadi 8, urefu wa mita moja, yenye mpini wa kukingama juu na ncha iliyoviringwa. Ncha kali huchubua kioo, ncha butu sana haiingii. Wengine huchomelea gololi ndogo mwishoni, iliyozidi unene wa nondo kidogo tu. Tundu linalotobolewa ardhini linakuwa pana kuliko nondo, nayo haikwami udongoni, na mkono unasikia vizuri kinachoguswa.

Mashine ya kutambua metali haioni kioo, lakini inaona misumari, boliti za mikono, mabati ya kushikilia mkono na nyaya za kufungia. Mahali penye mlio mwingi wa chuma chini ya nyasi palikuwa na mkono ulioanguka, na vikombe haviko mbali. Ongeza koleo dogo la bustani, kijiti cha mbao kigumu, msumeno mdogo wa chuma, koleo la kukatia waya, glavu za ngozi, viatu virefu vya soli ngumu, miwani ya kukinga macho, maji, na soksi kuukuu za kufungia vikombe, kila kimoja ndani ya soksi yake. Karatasi za gazeti hufaa pia, ila zikilowa hazikingi kitu.

Kuisoma laini

Tafuta kwanza nguzo mbili zinazofuatana, au visiki vyake. Pima umbali kwa hatua. Kwenye reli nyingi ni kati ya mita 40 na 50, na ukishaupata, utajua nguzo ya tatu ilisimama wapi hata kama haina alama. Nguzo zilikaa upande mmoja wa njia kwa umbali usiobadilika sana kutoka relini, isipokuwa pale laini ilipovuka kwenda upande wa pili kukwepa stesheni au mwamba. Kisiki kilichooza huacha shimo la duara lenye udongo mweusi, laini kuliko wa pembeni. Penye mkunjo tafuta waya wa stei, ule wa kuvuta nguzo isilale, unaotokeza ardhini; nguzo iliyoshikwa nao ilikuwa upande wa ndani wake.

Ukipata kipande cha nguzo au taruma kilicho kizima, angalia kama kina msumari wenye namba kichwani. Reli nyingi za Marekani zilipigilia misumari ya tarehe: "27" ni 1927. Msumari unakuambia mbao hiyo iliwekwa lini, basi. Kikombe kinaweza kuwa cha miaka thelathini nyuma yake, kwa sababu nguzo ilipobadilishwa vikombe vizima vilihamishwa kwenda kwenye nguzo mpya.

Mkono wa pini 10 ulikuwa na urefu wa karibu mita 3, na kikombe cha mwisho kilikaa zaidi ya mita moja kutoka katikati. Kwa hiyo zunguka kila nguzo kwa duara la mita 3 hadi 4, si kuchungulia miguuni pa nguzo tu. Kisha shuka na mteremko. Tembea polepole jua likiwa chini, asubuhi au alasiri. Kioo kilichozama nusu hung'aa kwa pembe fulani tu, na ukirudi njia ileile kwa upande mwingine utaona ulivyopitwa navyo. Baada ya mvua ni bora zaidi.

Kuchokoa na kuchimba

Sukuma fimbo kwa uzito wa mikono tu, usiidunge. Ukigusa kioo utasikia mgongano mkavu, mfupi, na ncha huteleza. Jiwe la kokoto hukwaruza. Mbao hupokea ncha na kuishika. Ukigusa, chomoa, ingiza tena sentimita tatu pembeni, kisha upande mwingine, mpaka ujue kitu kina upana gani. Upana wa sentimita 7 hadi 10 wenye mgongo wa mviringo ni dalili njema.

Chimba ukianzia sentimita 15 hadi 20 mbali na kitu, ukijongea kwa kando na si kwa juu. Sentimita za mwisho ondoa udongo kwa kijiti na vidole vyenye glavu. Usikivute kikombe kwa kichwa wakati ukingo wake wa chini bado umeshikwa na mizizi. Ukingo huo ndio mwembamba kuliko sehemu zote, ndio humeguka kwanza, na mmeguko mmoja mkubwa hapo hupunguza thamani kuliko mikwaruzo yote ya kichwani.

Kabla ya kutia kidole ndani ya tundu, kigeuze na kukigongagonga taratibu kwenye glavu. Buibui mweusi mwenye doa jekundu tumboni anapenda mno tundu la kikombe lililo kavu, na sumu yake si ya mzaha.

Usikisuuze hapohapo kwa maji baridi ikiwa kimelala juani. Kioo kizito kilichopata joto upande mmoja kikapoa ghafla upande mwingine hupasuka kwa mlio mmoja tu. Kiweke kivulini, kipoe, kisha kifute kwa kitambaa.

Kukitoa kwenye pini

Ukikuta mkono ulioanguka na vikombe vyake, na mwenye laini ameshasema umekatwa chanzo, kata kwanza waya wa kufungia pande zote mbili za mfereji, uuondoe wote. Shika kikombe kwa mikono miwili na kukizungusha kwenda kushoto, kwa nguvu inayoongezeka polepole. Vingi hutoka kwa mzunguko wa kwanza.

Kinachokataa kimeshikwa na pini ya mbao iliyovimba kwa unyevu. Hapa subira ina faida kuliko nguvu. Usikigonge, na usiingize bisibisi kati ya ukingo na mkono ukijaribu kukiinua. Hivyo ndivyo vikombe vilivyo vizuri kuliko vyote hupasuliwa. Kata pini kwa msumeno chini kabisa ya kikombe, kiende nyumbani na kipande cha mbao ndani. Kiweke sehemu kavu yenye hewa, mbali na jiko na jua, kwa wiki tatu au nne. Mbao ikikauka hunywea, na mara nyingi kipande kitazunguka kwa vidole. Kikigoma, toboa katikati ya mbao kwa drili ya mkono na keekee ya milimita 8, ukiacha ukuta wa mbao usioguswa pembeni, halafu ubomoe mbao kuelekea ndani kwa patasi nyembamba. Pini ya chuma yenye risasi au mbao kichwani hutolewa kwa kuzungusha tu. Usitie moto kulegeza risasi: mvuke wake ni sumu na kioo hakitastahimili.

Osha mikono kabla ya kula. Kreosoti ya nguzo na mataruma huwasha ngozi, na juani huwasha mara dufu.

Umepata nini

Watafutaji hutumia namba za CD (Consolidated Design), mfumo wa N. R. Woodward unaoainisha vikombe vya kioo vya pini kwa umbo. Namba inaeleza umbo peke yake, haisemi lolote kuhusu kiwanda wala rangi. CD 154 inaweza kuwa ya kiwanda cha Hemingray, cha Whitall Tatum au kingine. Kwa hiyo taja umbo, maandishi yote yaliyochomoza kwenye kioo kama yalivyo, kisha rangi.

Kioo utakachokutana nacho mara nyingi ni CD 154 chenye maandishi HEMINGRAY-42. Kilitengenezwa kwa mamilioni, na bei yake ni dola chache tu kikiwa cha rangi ya kawaida. Kiwanda cha Hemingray kilikuwa Covington, Kentucky, kikahamia Muncie, Indiana, na mwaka 1933 kikaingia mikononi mwa kampuni ya kioo ya Owens-Illinois. Kwenye vikombe vya baada ya hapo utaona namba ya kalibu, kistari, kisha tarakimu mbili za mwaka, na nukta. Kila nukta ni mwaka mmoja wa kuongeza: 46 yenye nukta mbili ni 1948.

Tarehe ya hataza ni jambo jingine kabisa. "PATENT MAY 2 1893" iliyo chini ya kikombe cha Hemingray ni tarehe ya hataza ya vinundu vya ukingoni, vile vya kudondoshea maji ya mvua, na maandishi hayo yaliendelea kuwekwa miaka mingi baadaye. Vinundu vyenye ncha kali ni vya zamani kuliko vya mviringo. "JULY 25 1865" ni hataza ya Louis Cauvet ya hesi za ndani ya tundu. Kabla yake tundu lilikuwa laini na kikombe kilikaa juu ya pini kwa kubanwa tu. Ukikuta kikombe kisicho na hesi, weka koleo chini, piga picha mahali pote, na endelea kwa vidole vyenye glavu tu. Hivyo ni adimu kweli, na vimewekewa namba za CD kuanzia 700.

Brookfield, mtengenezaji wa New York, aliandika anwani ya ofisi kwenye kioo, nayo ilihama: 55 Fulton kwanza, kisha 45 Cliff, kisha 83 Fulton. Kioo chake kina povu, mawe na michirizi ya kahawia, na wapo wanaokipenda kwa hilo hasa. Herufi B & O kwenye CD 136 ni za reli ya Baltimore and Ohio. Huko Kanada, CD 143 yenye jina la Canadian Pacific Railway ni ya kawaida kando ya njia zake, katika rangi nyingi.

Kuhusu rangi: buluu-kijani hafifu hutokana na chuma kilichomo kwenye mchanga, na ndiyo rangi ya kawaida kuliko zote. Kioo cheupe kisicho na rangi ni cha karne ya 20 inapoendelea. Zambarau hutokana na manganizi iliyotiwa kiwandani ili kioo kiwe cheupe. Jua la miaka mingi huigeuza. Kwa hiyo kikombe kilichokaa nusu ardhini huweza kuwa na zambarau nzito upande wa juu na hafifu chini. Buluu ya kobalti, kaharabu na kijani iliyokolea ndizo zinazofukuziwa kwa fedha nyingi, na ndizo zinazoghushiwa.

Kusafisha

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ya chupa vinamaliza nusu ya kazi. Kilichobaki, ile ngozi nyeusi ya masizi ya injini pamoja na madoa ya kutu, kinahitaji asidi ya oksaliki, unga mweupe unaouzwa kwa ajili ya kung'arisha mbao.

Yeyusha gramu 25 hadi 30 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Maji kwanza, unga baadaye. Vaa glavu za mpira, miwani na barakoa wakati wa kumimina, kwa sababu vumbi lake huunguza pua na koo, na asidi hii ikimezwa huharibu figo. Laza vikombe visigusane, viloweke siku tatu hadi saba, kisha uvitoe na kuvisugua vikiwa vimelowa kwa waya laini kabisa wa kusugulia, ule wa daraja la 0000. Waya mnene zaidi ya huo huacha mikwaruzo inayoonekana kioo kikiwekwa dirishani. Suuza, loweka dakika chache kwenye maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, suuza tena. Ndoo iandikwe wazi, ifungwe, iwekwe pasipofikiwa na watoto na wanyama. Usichanganye asidi hii na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Gesi ya klorini itatoka.

Ukoko mweupe wa chokaa hutoka kwa siki, siku moja au mbili. Utando wenye rangi za upinde wa mvua kwenye vikombe vilivyofukiwa muda mrefu haupungui kwa dawa yoyote. Huo si uchafu, ni uso wa kioo wenyewe ulioliwa na udongo. Wapo wanaoung'arisha kwa mashine, lakini hapo maandishi hufifia, na kikombe kilichong'arishwa lazima kiuzwe kwa jina hilo. Mashine ya kuoshea vyombo haifai: joto lake hupanda haraka mno.

Unaponunua au kubadilishana

Zambarau nzito isiyo na tofauti yoyote toka kichwa hadi ukingo, hasa kwenye Hemingray-42, inatiliwa shaka. Kuna vikombe vya kawaida vilivyopitishwa kwenye mionzi ili vibadilike rangi, na kioo chenyewe ni cha kweli, rangi ndiyo ya kutengeneza. Ukingo uliojazwa gundi ya plastiki huonekana ukiumulika kwa taa ya urujuanimno gizani, kwa kuwa gundi hung'aa tofauti na kioo. Pitisha pia ukucha kuzunguka ukingo: gundi ni vuguvugu na laini, kioo ni baridi.

Unapofika nyumbani na mzigo, usichanganye vikombe vya sehemu mbalimbali kabla ya kuviandika. Karatasi ndogo yenye jina la njia, maili ya njia, upande wa reli, kina kilipopatikana na tarehe, ikunjwe na kuingizwa ndani ya tundu, inatosha. Usiandike kwa kalamu ya wino juu ya kioo, na usibandike gundi mahali penye maandishi yaliyochomoza. Rafu ya dirishani hupendeza, ila iwe imara: vikombe 20 ni kilo 10, na rafu nyingi za dirishani zimefungwa kwa skrubu mbili tu.